Namba Zenye Jina Langu Ukutani

Ukiingia karakana ya Bwana Seif pale Usagara, ukutani juu ya ile mashine ndogo ya kompyuta utaona karatasi iliyofunikwa nailoni. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa: NAMBA ZA MZEE HATIBU ZA KUKATIA ALUMINI. Namba hizo ni nzuri, zifuateni. Kasoro iko kwenye jina. Nimeomba litolewe, wamekataa, wanasema ni heshima. Kwa kuwa sina tena amri juu ya ukuta ule, nimekaa hapa barazani kwangu na kalamu, nawaandikia ninyi mtakaoajiriwa baada yangu, mjue karatasi ile ilifikaje pale. Si habari ya kujisifu. Nimeshachana kurasa kadhaa, kila nikifika mahali penyewe uso unaniwaka kama mtu aliyeingia choo cha wanawake kwa bahati mbaya.

Vyeo na mishahara siandiki. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara ya mafundi mnaijua.

Nilianzia karakana ya shamba moja la mkonge, upande wa Muheza. Tulikuwa tunatengeneza vipuri vya mashine za kusaga mkonge, na chuma cha mashine zile kilikuwa kigumu kama roho ya mwenye nyumba. Siku ya kwanza nilikwenda na suruali iliyopigwa pasi. Fundi mkuu alikuwa Mzee Mbelwa, Mbondei, mfupi, mwenye maneno yake. Akanitazama kuanzia viatuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Weye umekuja kazini au umekuja kuposa?"

Kabla ya chakula cha mchana suruali ilikuwa na grisi mpaka kiunoni, na sikuipiga pasi tena maisha yangu yote ya kazi.

Mzee Mbelwa hakunipa chombo mkononi. Alinisimamisha kando ya mashine ya kuchonga akaniambia nifunge macho. "Unasikia nini?"

"Nasikia mashine, mzee."

"Mashine hata kuku anaisikia. Nakuuliza chuma kinasemaje!"

Nilifunga macho siku nyingi, wenzangu wakinicheka, mpaka nikajua. Kisu kinachokata vizuri huvuma kwa sauti moja, ya kushiba. Kinachosugua bila kukata hulia kwa sauti nyembamba ya kuumiza meno. Kilicholemewa hukoroma. Vyeti vyangu nimeviweka kabatini, mende wamevila pembeni, lakini sikio lile sijalipoteza hadi leo. Ndilo lililokuja kuniumbua.

Somo lake la pili lilikuwa subira. Visu tulikuwa tunavinoa wenyewe, na ukivisukuma kwa pupa vinaungua ncha. Kwa hiyo mwendo wa chuma kuelekea kisu ulikuwa wa kinyonga, mkono kwenye gurudumu, unazungusha kidogo, unasikiliza, unazungusha kidogo. "Haraka haraka haina baraka," alikuwa akisema asubuhi, mchana, na wakati wa kufunga. Likaniingia damuni. Kwa chuma kile na visu vile alikuwa na haki kabisa.

Miaka yake ya mwisho macho yalimwishia. Mtoto wa jicho. Anashika venia yake ya kupimia, anaisogeza karibu na pua, anasoma namba kwa sauti ya kujiamini, na namba siyo. Nani amwambie? Ungeanzia wapi? "Shikamoo mzee, umekuwa kipofu"? Basi tukapatana sisi vijana wake. Akipima, tunaitika "naam, mzee." Akienda kula, tunapima upya na kurekebisha kipuri, akirudi anakikuta sawa. Siku ya kumuaga alisimama mbele ya watu akasema, "Tangu nimeshika chuma, kipuri changu hakijarudishwa na mtu." Tukapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Jirani yangu alinikanyaga mguu nisije nikacheka. Wahenga wamesema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na sisi tulikuwa tumemwosha vizuri, tena kwa mapenzi. Nilikwenda nyumbani jioni ile nikijiona mtu mwema sana.

Mkonge ukapungua, karakana ikafungwa, nikahamia mjini. Nimekereza shafti, nimechonga meno ya gia, nimetengeneza hata kengele ya shule kutokana na rimu ya lori. Hayo nitawasimulia tukikutana. Nije kwa mashine ndogo.

Ilikuja kwenye sanduku, vipande vipande, kama kitanda cha dukani. Aliyeiunga ni Rehema, ambaye ninyi mtamkuta ndiye mkubwa wenu. Ni mtoto wa Kigombe, mama wa watoto wawili, msomi wa ufundi, na sauti yake ni ya chini kiasi kwamba mashine zikiwaka unasoma midomo. Msaidizi wake ni Elia, Msambaa wa Lushoto, anayepiga tarumbeta kwenye kanisa la Kilutheri. Wote wawili wana adabu ya kupitiliza. Hawajawahi kuniambia neno la kazi kabla ya shikamoo, na ikiwa tumeshaamkiana asubuhi, basi watatafuta "pole na kazi, mzee" waiweke mbele.

Mashine yenyewe ilinichekesha. Fremu nyepesi, mota kama ya blenda, na biti, yaani kisu chake cha kuzunguka, nyembamba kuliko kalamu. Kazi yake hasa ni mbao na plastiki, lakini wateja wanataka alumini, na alumini inakatika ukijua kuipa namba. Namba kubwa ni mbili: mizunguko ya biti kwa dakika, na mwendo, yaani biti inasafiri milimita ngapi kwa dakika ndani ya chuma. Bwana Seif alitangaza mbele ya wote kwamba namba atatoa Mzee Hatibu, maana ndiye mwenye chuma. Nikakohoa nikatoa. Mizunguko elfu ishirini na nne, mwisho wa uwezo wa mashine. Mwendo, milimita mia na ishirini. Nilijiambia kwamba ikiwa mashine kubwa ya Mzee Mbelwa ilikwenda kinyonga, hii ya blenda itambae.

Rehema aliangalia zile namba. "Mzee, mwendo huu hautakuwa mdogo kidogo?"

"Haraka haraka?" nikamuuliza.

"Haina baraka," akajibu, akaziandika kwenye kompyuta. Hakuniuliza tena.

Biti ya kwanza ililia ile sauti nyembamba, ikatoa moshi, ikavikwa alumini iliyoyeyuka mpaka ikawa kama kijiti cha mshikaki, halafu ikakatika. Niliisikia ikilia! Sikio liliniambia. Nikalinyamazisha sikio langu mwenyewe, maana nilikuwa nimeshatamka namba mbele ya watu. Nikasema biti ni mbovu. Ya pili nikasema alumini ni ya masufuria. Baadaye nikaulaumu umeme. Rehema aliagiza biti za aina nyingine, zenye jino moja tu. Nikazishika, nikazigeuza, nikasema, "Hawa wametuuzia biti zilizovunjika meno," nikazitupa kwenye droo. Elia alikohoa akatoka nje.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo ninapochana kurasa.

Nikaanza kuona jambo la ajabu. Kazi za asubuhi, nikiwa nimesimama pale, zinaharibika. Kazi ninazoziacha nikienda kusali Adhuhuri, nikirudi nazikuta zimekamilika, kingo zinang'aa, biti nzima. Leo hivyo, kesho hivyo. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilishukuru. Nikasema mashine imepata baraka ya Adhuhuri. Nilisema kweli kweli, si utani. Niliwaambia wateja: "Kazi yako tutaiweka mchana, mchana ndiyo inakubali." Nilimwambia imamu! Na nikiwauliza Rehema na Elia, "Mnaona baraka hiyo?" wote wanaitika, "Naam, mzee. Mashallah."

Ndipo akaja Mwalimu Bahati kutoka Mwera, kule Pangani. Anafundisha shule ya msingi, na miguu yake haifanyi kazi tangu utotoni. Anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu inayokanyagwa kwa mikono, na kile kipande kinachoshika pedali mbele kilikuwa kimepasuka. Kaka yake alimleta kwa bajaji, baiskeli imefungwa nyuma, akambeba hadi kwenye benchi letu.

"Wazee wangu," alisema, "nitengenezeeni hiki mapema. Sasa hivi wanafunzi wa darasa la saba ndio wananibeba kuniingiza darasani. Ni watoto wema, hawacheki. Lakini mimi siwezi kumkemea mtoto aliyetoka kunibeba."

Bwana Seif alipata bamba nene la alumini nzuri, likatoka vipande vitatu tu. Asubuhi, kwa namba zangu, niliharibu viwili. Mwalimu amekaa pale kwenye benchi anatazama. Kila biti ilipolia alikuwa akishika kanga yake kwa nguvu. Kikabaki kipande kimoja. Nikatangaza, kwa sauti ya mtu anayejua: "Hiki kisiguswe. Tungoje Adhuhuri."

Nikaondoka. Nilipofika karibu na msikiti nikapapasa kichwa, kofia sina. Nikarudi, nikipita kichochoro cha nyuma kwa kuwa ni karibu. Chini ya dirisha la karakana nikasimama ghafla.

Mashine ilikuwa inavuma. Sauti moja, ya kushiba. Sauti ya Mzee Mbelwa kabisa, ambayo mashine ile haijawahi kuitoa mbele yangu hata mara moja. Nikafumba macho pale pale kichochoroni, na sikio likanisomea kila kitu: mizunguko imeshushwa, mwendo umepandishwa mara nne au tano. Nikachungulia. Biti ilikuwa ya jino moja, kutoka kwenye ile droo. Elia anapuliza upepo wa kompresa, na chenga za alumini zinaruka safi, chenga hasa, si unga.

Elia akasema, "Ikiisha tumrudishie namba zake kabla hajafika."

"Nitarudisha," Rehema akajibu. "Na biti yake pia. Mwache mzee wa watu na baraka zake."

Wakacheka kidogo. Wallahi hawakucheka kwa ubaya, na hicho ndicho kilichoniumiza. Walicheka kama watu wanaomzungumzia mtoto aliyelala. Na Mwalimu Bahati, pale kwenye benchi, alikuwa akicheka pamoja nao.

Lo! Niliona haya, jamani. Niliona haya mpaka nikashika ukuta. Wateja wote wale. Imamu. Naam mzee, mashallah mzee. Na pale pale ukanijia uso wa Mzee Mbelwa siku ya kuagwa, amesimama wima, anaringa, na sisi tunakanyagana miguu. Mwosha huoshwa. Nilidhani nalijua neno hilo, kumbe nilikuwa nalisikia tu.

Nilisali bila kofia, safu ya nyuma kabisa. Nilirudi saa ile ile ninayorudi siku zote. Kipande kilikuwa mezani kinang'aa. Kwenye kompyuta, mia na ishirini yangu imekaa kimya mahali pake.

"Baraka, mzee," Rehema akasema.

Nami nikasema, "Alhamdulillahi." Kaka yake Mwalimu alikifunga kile kipande kwenye baiskeli, mama wa watu akajisukuma mwenyewe kuzunguka karakana, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa kasi, kisha akasimama mbele yangu akanishika mikono yote miwili. "Mungu aibariki mikono hii, baba." Naye alikuwa ameona kila kitu! Naye alikuwa ameshajiunga nao kunisitiri. Yeye aliyechoka kubebwa sasa alikuwa amenibeba mimi.

Sikuwaambia kwamba najua. Nilibaki kazini hadi muda wangu ulipotimia, na kila siku nilichelewa kurudi kutoka msikitini, ili wapate nafasi. Nikawa nakaa kichochoroni nikisikiliza, nikijifunza kwa wizi kazi niliyodaiwa kuifundisha.

Nilichojifunza ni hiki, nanyi kishikeni. Alumini haiogopi mwendo, inaogopa kusuguliwa. Kila jino la biti linapopita lazima ling'oe chenga yenye unene wake, na chenga hiyo ndiyo inayoondoka na joto. Ukienda kinyonga na mizunguko mingi, jino halipati cha kung'oa, linasugua, joto linabaki, alumini inayeyuka na kuganda kwenye biti. Hesabu yake ni nyepesi: mizunguko, zidisha kwa idadi ya meno, zidisha kwa unene wa chenga. Biti ya milimita tatu, jino moja, mizunguko elfu kumi na nane, chenga ya sehemu tatu za mia za milimita: mwendo unatoka mia tano na arobaini. Jino moja ni kwa sababu alumini inataka nafasi ya kutokea. Mashine ni dhaifu, kweli, lakini udhaifu wake unausitiri kwa kina, siyo kwa mwendo: nusu milimita kila pasi, yaani kila biti inapopita, usizidishe. Puliza upepo chenga zisikatwe mara ya pili. Mafuta ya taa matone machache. Na usiangalie tu, sikiliza.

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani. Mtu akishaacha kuwahi kazini ndipo anapewa saa. Na wakanipa ombi: "Mzee, tuandikie namba zako tuzibandike, wanaokuja wazikute."

Nikawatazama. Kama ningeandika mia na ishirini, ingebandikwa, na nyuma ya karatasi wangeendelea kufanya yao, na ninyi mnaokuja mngefundishwa kazi mbili, ya kukata alumini na ya kumsitiri mzee ambaye hata hayupo. Siku moja angetokea mmoja asiyeambiwa siri, akaifuata karatasi, na mbele yake amekaa Mwalimu mwingine na kipande cha mwisho.

Nikaandika namba zao. Zote, kama nilivyozisikia dirishani. Ila mahali pa kina, badala ya nusu milimita, niliweka tatu kwa makusudi. Kina hicho kinakata biti kabla hujapepesa macho. Nikampa Rehema mkononi. "Soma, unisahihishe."

Akasoma. Alipofika kwenye mwendo aliinua macho akanitazama, akayashusha. Alipofika kwenye kina kidole chake kilisimama. Nilikiona kikisimama.

"Iko vizuri, mzee," akasema. "Mashallah."

Juma lililofuata nilipita kuwasalimu. Karatasi ukutani, imepigwa chapa, nailoni juu, jina langu limetanda. Nikavaa miwani. Kina cha pasi: nusu milimita.

"Rehema," nikamwita. "Mimi niliandika tatu."

"Eh! Itakuwa printa hiyo, mzee. Siku hizi inarukaruka." Elia alikuwa ameinua uso anahesabu mabati ya paa.

"Siku ya Mwalimu Bahati nilisahau kofia," nikasema. "Nilirudi. Nilisimama pale dirishani."

Elia akazima kompresa. Rehema alijifunika mdomo kwa mtandio, machozi yakamlenga, na nikaona aibu yangu imehamia usoni kwake, jambo ambalo sikulitaka kabisa.

"Tusamehe, mzee. Hatukuwa na nia mbaya."

"Najua nia yenu. Nami nilikuwa na nia hiyo hiyo kwa mzee wangu, akafa hajui. Msinifanyie na mimi." Nikaigonga ile nailoni kwa kidole. "Niliandika tatu. Niambie."

Alitazama sakafu, akamtazama Elia, Elia hakumsaidia. "Tatu ni... ni nyingi kidogo, mzee."

"Kidogo?"

Akavuta pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinyanyua sauti yake, ikasikika mpaka mlangoni.

"Umekosea, mzee."

Masikio yakaniwaka moto. Nilisimama nikaiacha ile haya inipite yote, kuanzia utosini mpaka kwenye nyayo.

"Marahaba," nikamjibu.